Msasa Ndani ya Ndoo ya Rangi

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi sikuutaka ule mti. Sikuutaka ulipokuwa mbegu, sikuutaka ulipokuwa kijiti, na uliponipita kichwa ndiyo kabisa. Aliyeutaka ni baba yangu. Baba yangu akitaka kitu, nyumba nzima haina raha mpaka kipatikane, na kikishapatikana raha pia hairudi.

Baba ni seremala. Siku hizi macho yake yameingia ukungu na mkono wa kulia unamtetemeka akishika kikombe, lakini ole wako umwambie kwamba alikuwa seremala. Atakujibu kuwa seremala hastaafu, wanaostaafu ni walimu, na hapo atageuza uso kunielekea mimi, ambaye bado nafundisha. Kazi yake yote aliifanya kijijini kwetu Kiuyu. Mama alipofariki nikamchukua nikaja naye kwangu Tibirinzi, kwa sababu wadogo zangu watatu wa kiume kila mmoja alikuwa na udhuru wake, na nyudhuru zao zote zilikuwa nzuri. Alikuja na mkoba wa nguo, sanduku la vyombo vya kazi, na ubao mmoja wa mfenesi alioufunga ndani ya mkeka kama mgonjwa.

Ule ubao niliujua nilipouona tu. Nilipohitimu msahafu nilikuwa na miaka kumi na moja, na kwetu mtoto akihitimu baba alimtengenezea marufaa yake ya kuwekea msahafu wakati wa kusoma. Marufaa ya baba hayakuwa ya kupigiliwa misumari. Aliyatoa kwenye ubao mmoja mzima: anaupasua unene wake kutoka juu hadi karibu na katikati, anaupasua tena kutoka chini, na pale katikati anachonga meno yanayoshikana, mpaka ubao unafunguka wenyewe bila bawaba wala gundi. Watu walikuja kutoka mbali kuyaagiza. Mimi nilipohitimu alikuwa na milango ya watu ya kumaliza, akaniambia ningoje kidogo. Nikangoja. Wadogo zangu wakahitimu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akapata yake. Ubao wangu ukabaki darini, kwanza ukisubiri ukauke vizuri, kisha ukisubiri sijui nini. Sasa nina miaka hamsini na mitatu, na mpaka juzi juzi msahafu wangu nilikuwa nausomea juu ya mto wa kulalia. Niliacha kuyaulizia marufaa yale tangu sijaolewa, na mtu akiniuliza nitasema sikuyahitaji tena. Niliwahi kumwambia hivyo baba mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa tu.

Kuna jambo la pili lazima nilieleze, maana bila hilo mtu ataona nagombana na mti bure. Nyumba ninayokaa aliijenga mume wangu, Mungu amrehemu, juu ya ardhi ya kaka yake. Nyumba ni yangu na wanangu. Ardhi ni ya shemegi. Kwetu Pemba mambo haya mawili hukaa mbalimbali bila tabu. Ardhi inaweza kuwa ya huyu, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule, na watoto wa yule wakaja kuangua nazi zao mchana kweupe. Kwa hiyo aliyeazimwa ardhi analima muhogo, analima viazi na mchicha, anavuna anashukuru. Mti wa kudumu hapandi. Akipanda mti ametia mguu, na mguu huo haung'olewi kwa salamu. Babu yake shemegi aliwahi kumpokea mgeni, mgeni akapanda mikarafuu mitatu nyuma ya banda, na kesi yake ilirithiwa na watu ambao hata sura ya huyo mgeni hawakuiona.

Shemegi anakaa Gombani. Ni mtu wa heshima, hupiga hodi mara tatu hata mlango ukiwa wazi. Tangu mume wangu afariki, mwaka wa tisa huu, hajawahi kuniambia niondoke. Hajawahi pia kuniambia nikae. Nami nimeishi hivyo hivyo, nikipalilia muhogo wangu na kuhakikisha hakuna kinachozidi urefu wa muhogo. Hata mpapai ukijiotea nyuma ya choo nauvunja shingo asubuhi na mapema. Nyumba hii ndicho kitu pekee nilichonacho, na sikutaka mtu yeyote apate sababu.

Basi baba akakaa barazani akafungua mkeka wake. Kuanzia mfunguo mosi, Ramadhani ilipokwisha tu, mpaka mfunguo tano alichonga ule ubao kwa kupapasa, patasi mkono wa kushoto na gongo mkono wa kulia, akikosea na kujirekebisha, vumbi likiingia mpaka ndani ya mtungi wa maji. Nilipita pale nikijifanya sioni, nikirudi nafagia. Siku moja nikasikia mlio mdogo kama wa kufungua ganda la karanga, nikachungulia, marufaa yamefunguka. Meno yalikuwa yameshikana kama vidole vya mtu anayeomba dua. Nilirudi jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya nazi bila kukuna chochote.

Yalibaki kusuguliwa tu. Mtu mwenye akili angesema ni kazi ya siku mbili.

Nilikwenda dukani nikamnunulia karatasi ya msasa, nzuri, ya chembe ndogo. Akaipapasa mbele, akaipapasa nyuma, akaipeleka puani.

"Hii gundi ya mnyama gani?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Akasema nikaulize. Mimi, mwalimu wa miaka ishirini na nane, nikarudi dukani mbele ya wanafunzi wangu wawili waliokuja kununua barafu, nikamuuliza mwenye duka gundi iliyoshika mchanga kwenye karatasi yake imetokana na mnyama gani. Mwenye duka akaigeuza karatasi, akasoma maandishi ya nyuma, akaniambia kwa upole kwamba imeandikwa Kichina. Nikampelekea baba jibu hilo. Baba akasema ubao huu utawekewa maneno ya Mungu, na yeye hawezi kuupaka kitu ambacho huenda kilitoka kwa mnyama asiyetajika ndani ya nyumba. Anataka majani ya msasa wenyewe, yale yale aliyosugulia marufaa ya wanawe wengine.

Kwa asiyeujua, msasa ni mti wa porini, ndugu yake mkuyu. Unazaa vitunda vidogo vya duara ambavyo ndege wanavipenda kuliko watu wanavyovijali, na ukiukwangua unatoa utomvu mweupe. Sifa yake iko kwenye majani. Jani la msasa lina ukali kama ulimi wa paka, na zamani wanawake waliyasugulia vyombo na mafundi wakayasugulia mbao, kabla ya karatasi kuja na kuchukua mpaka jina la mti. Kiuyu ilikuwapo miti kadhaa. Ule wa baba, uliokuwa nyuma ya banda lake la kazi, ulishakatwa zamani kupisha nyumba.

Nikaenda Kiuyu. Nikamletea majani mfuko mzima. Akayapapasa akasema ni machanga. Nikaenda mara ya pili, nikachuma yaliyokomaa, mengine yana matundu ya wadudu. Akasema yamechumwa mvua ikinyesha, yamelainika. Mara ya tatu nilikwenda jua kali, nikapanda juu ya kichuguu na umri wangu huu, nikachuma moja moja nikiyapima kwa kidole gumba. Akayapokea, kisha akauliza mti wenyewe umesimama wapi. Nikamwambia karibu na makaburi. Akarudisha mfuko. Siku ile nilimpikia mchuzi usio na nazi kwa makusudi, akala wote akasema alhamdulillahi.

"Tupande wetu," akasema baada ya kunawa.

Nikamweleza habari ya ardhi, ingawa anaijua kuliko mimi. Nikamweleza habari ya ile mikarafuu mitatu. Nikamwambia akitaka kunitoa kwenye nyumba yangu aseme tu, nitafungasha mwenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nina chujio la chai lisilotumika.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kuotesha msasa, na naandika hapa ili tabu yangu isipotee bure. Kwa mbegu, unachukua vitunda vilivyoiva vikaanza kulegea, unaviponda ndani ya maji na kuvisugua kwenye chujio mpaka ubaki na kitu kama ugoro. Zinazoelea unamwaga. Zilizozama unazianika kivulini, unazichanganya na mchanga laini ili zisigandamane, unazinyunyiza juu ya udongo. Juu, sikusema ndani. Ukizifukia haziji, maana ni ndogo mno na zinataka mwanga. Maji humwagi, unachovya vidole na kukung'uta, kama unavyonyunyizia nguo ya kupigwa pasi. Nilifanya hayo yote. Mbegu za kwanza zilibebwa na sisimizi, nikawaona kwa macho yangu wakienda nazo kwa mstari. Za pili ziliota kijani kibichi kama ukungu wa mkate, nikafurahi, nakiri, na kesho yake kuku wa jirani akaoga vumbi pale pale. Za tatu ziliota na kuoza shingo kwa sababu baba alikuwa akiamka alfajiri na kuzikung'utia maji, nami nikirudi skuli nazikung'utia, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau.

Basi tukahamia kwenye vijiti. Unakata tawi lisilo bichi sana, nene kiasi cha kidole gumba cha mwanamume, urefu wa mkono. Chini unalikata mshazari, juu unalikata sawa. Nilidhani ni mapambo, kumbe ni ili usije ukalipanda kichwa chini miguu juu, na mimi moja nililipanda hivyo hivyo pamoja na kuambiwa. Majani unayatoa yote. Unaliacha kivulini siku mbili tatu, limeviringwa gunia bichi, mpaka utomvu ukauke kwenye jeraha. Kisha unalitia kwenye udongo wenye mchanga na samadi ya zamani, theluthi yake iwe ndani, unashindilia kwa vidole na unaliacha. Kuliacha ndiko kugumu. Nilikuwa nikivivuta kidogo kuona kama vimeshika, na kila nilipovuta nilikata vimizizi vilivyokuwa vinaanza. Vijiti vinne vikafa vitatu. Baba akaniambia nina mikono ya mwalimu, kila saa nataka kutahini.

Kile kimoja kilipochipua ilibidi nipate pa kukiweka. Mimi ndiye niliyeleta wazo la ndoo, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Nilikuwa na ndoo kubwa ya rangi iliyobaki tulipopaka ukuta wa mbele. Nikamwambia baba kwamba mti ulio ndani ya ndoo haujapandwa kwenye ardhi ya mtu. Ndoo hubebeka. Leo iko hapa, kesho iko kule, hakuna atakayesema nimetia mguu.

"Umesema kweli, mwanangu," akasema baba.

Hapo ndipo ilipobidi nishtuke. Tangu kuzaliwa kwangu baba hajawahi kuniambia nimesema kweli bila kwanza kunipinga.

Nilitoboa matundu matano madogo chini ya ndoo kwa msumari wa moto. Niliporudi kutoka skuli nilikuta tundu la sita, limechongwa kwa patasi, linapitisha kikombe cha kahawa. Akasema maji lazima yapate njia. Nikaiweka ndoo juu ya matofali mawili. Asubuhi nikaikuta chini, pale maji ya kufulia yanapopita. Nikairudisha juu ya matofali. Ikarudi chini. Akaniambia tofali likipata jua linapika mizizi, na hilo nalifundisha mwenyewe darasani, habari ya vitu kushika joto. Mara ya tatu nilichoka. Nina madaftari ya kusahihisha, nina baba wa kumpikia uji, siwezi kushindana na mzee anayesukuma ndoo gizani kwa tumbo.

Shemegi aliuona mti ulipokuwa unanifika magotini. Alikuja siku ya Ijumaa baada ya sala, akapiga hodi zake tatu, akakaa, akanywa chai, akauliza ule ni mti gani. Nikainuka mbio, nikashika mkono wa ndoo, nikaiinua mbele yake na kuizungusha ili aone chini. Mgongo ulilia. Nikamwambia ni mti wa ndoo, wa majani ya kazi ya baba. Akacheka kidogo.

"Maadamu wabebeka, hapana neno," akasema.

Tangu siku ile, kila akija kazi yangu ya kwanza ni kuinua ndoo. Kabla ya kumpa mkono nimeshainua ndoo. Mti ulinifika kiunoni nikawa naiburura. Ulinifika mabegani nikawa naiinamisha tu upande mmoja na kusema unaona, shemegi, naye akisema naona. Baba alikuwa akikaa barazani na tasbihi yake, kama mtu ambaye hayamhusu.

Hata majani yalipokomaa hakuyataka. Nilimchumia matano nikamwekea mkononi. Akayapapasa, akayanusa, akasema bado, mti haujatulia. Marufaa yalikuwa yamefungwa tena ndani ya mkeka. Nikamuuliza mti utatulia lini. Akasema mti wenyewe ndio unaojua. Nilitoka nje nikang'oa magugu ambayo hayakuwepo.

Mvua za masika zilipita. Shemegi alikuwa safarini Unguja kwa matibabu miezi mitatu, na mimi sikuwa na sababu ya kuigusa ndoo. Aliporudi akaja kunisalimia. Nikainuka kama kawaida yangu, nikashika mkono wa ndoo nikavuta, mkono wa ndoo ukang'oka ukabaki na mimi. Ndoo haikutikisika. Nikaisukuma kwa mguu. Nikaisukuma kwa mikono miwili, na ubavu wake ukapasuka kutoka juu hadi chini, na ndani hakukuwa tena na udongo wa kusema udongo, ilikuwa mizizi imejiviringa kama ukili wa mkeka. Shemegi akaja akachutama. Akapenyeza vidole chini ya ndoo. Palikuwa na mzizi mnene kama mkono wangu umepita kwenye lile tundu la patasi, umeingia ardhini kwake, na hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

Sikumwona amekasirika, na ningependa angekasirika, ningejua la kufanya.

"Shemegi, mie sina neno nawe," akasema. "Lakini ardhi hii si yangu peke yangu. Mie nikifa, wanangu watauona nti hunu wataniuliza kaburini nilikuwa wapi. Uukate. Kisha kile kisiki ukimwagie maji ya moto kila siku asubuhi, mwezi mzima, ndivyo kinavyokufa."

Nikamwambia nitaukata leo. Akashukuru, akaniombea dua, akaenda zake. Hodi tatu za kuingia, na salamu tatu za kutoka.

Nilimgeukia baba. Sitaandika yote niliyosema, mengine sikutakiwa kumwambia mzazi. Nilimwambia kwamba kwa ajili ya majani amenidhalilisha mbele ya mtu aliyenistahi miaka tisa. Nilimwambia angeniacha na mto wangu. Alikuwa akivuta tasbihi, akaivuta mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Majani usiyatupe," akasema.

Nikaukata. Panga langu ni la kukatia kuni za kawaida na mti ulikuwa laini, haukuchukua hata nusu saa. Utomvu ulinishika mikononi ukawa mweusi, na haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Nikayachuma majani yote, nikayaanika kivulini siku tatu juu ya mkeka, ule ule wa marufaa. Baba akayapapasa. Nilingoja aseme machanga, aseme ya mvua. Akasema yako sawa.

Kusugua ilibidi nisugue mimi, maana mkono wake ungetia mikwaruzo. Alikaa kando yangu akiniongoza: lilowanishe kidogo jani, likunje mara mbili, fuata njia ya ubao, usirudi nyuma. Nikishasugua upande mmoja anapitisha kidole gumba. Bado, anasema. Nasugua tena. Bado. Siku ya kwanza nilihesabu bado kumi na saba nikaacha kuhesabu. Lakini nitasema ukweli, siku ya pili mchana, mfenesi ulipoanza kutoa ile rangi yake ya njano iliyoiva, nilikuwa sitaki mtu aje kunikatiza. Nilisugua meno ya katikati moja moja kwa pembe ya jani. Nilikuwa na hasira na mikono yangu ilikuwa na furaha, vyote kwa pamoja, na sijui kama watu wengine huwatokea.

Siku ya tatu nikamuuliza, bila kumtazama, yale majani ya Kiuyu yalikuwa na kasoro gani hasa. Hili lilikuwa linanikaa kooni, maana haya niliyoyashika hayakuwa na tofauti nayo hata kidogo.

"Yale yalikuwa mazuri," akasema baba.

Nikaacha kusugua.

"Mara zote tatu yalikuwa mazuri. Lakini weye wahitaji nti, mwanangu, majani ni ya mara moja. Wakaa hapa miaka yote hiyo kama ntu aliyekuja kungoja mvua ipite. Kumuomba shemegi yako humuombi, waogopa atakwambia hapana. Na mie marufaa nishakucheleweshea miaka arubaini, nkaona aibu kukupa matupu. Nkasema nkupe na nti wako."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungekataa," akasema.

Ningekataa. Ningekataa mara moja na ningepiga kelele. Nililia pale, machozi yakidondokea ubao nilioulainisha siku tatu, na baba akanikumbusha kwamba maji yanauinua ubao nyuzi, nifute haraka. Nilikuwa na hasira naye kwa kunichezea, na nilikuwa na hasira na nafsi yangu zaidi. Miaka tisa nimevunja shingo za mipapai, na kumbe nilichokuwa nakiogopa ni neno moja la mtu mpole. Na mti wenyewe nilikuwa nimeukata kwa mkono wangu, kwa haraka, kama mtu anayefuta kosa kwenye ubao kabla mkaguzi hajaingia.

Alipitisha kidole gumba mara ya mwisho na hakusema bado. Aliyafunga marufaa, akayafungua, akayasikiliza, akanipa.

Kesho yake alfajiri nilichemsha birika la maji kama nilivyoagizwa. Nilitoka nalo mpaka kwenye kisiki, mvuke ukinipiga usoni. Ndoo nilishaibomoa, na kisiki kilikuwa kimekaa ardhini kama kilichozaliwa pale. Upande wa mashariki, chini ya ganda, palikuwa na kijicho cha kijani kisichozidi punje ya mchele. Nilisimama mpaka birika likaanza kunilemea. Nikarudi nalo jikoni nikatia majani ya chai.

Sasa mwezi umekwisha na wa pili unaanza. Namsomea baba Yasini kila jioni, msahafu ukiwa juu ya marufaa, na mto umerudi kitandani. Ijumaa iliyopita shemegi alinipigia simu kuniuliza kama bado nakumbuka kile kisiki. Nikamwambia siku moja haijanipita. Nikamwambia pia kwamba akija mara hii nina neno nataka kumuomba, nikakata simu kabla hajaniuliza neno gani. Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli nachota kata moja nakimwagia. Nachota mtungini, pale kivulini, maji ya baridi kabisa.